Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya kiikolojia vya Kongo

Goma, Kivu Kaskazini



Barua hii inaelekezwa kwa viongozi wa vyama vya siasa vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambavyo vimeutaja utunzaji wa mazingira kuwa ndiyo sababu ya kuwako kwavyo, kikiwemo Rassemblement des Écologistes Congolais, kijulikanacho pia kwa jina la Les Verts, na Parti Écologiste Congolais, ambacho kwa ufupi huitwa PECO. Inatoka Goma, mji uliobanwa kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, ulio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na ambao ulitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Kwa wakazi wa mji huu mazingira ni moto wa kupikia, ni maji ya ziwa, ni mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni hata ikaua watu na mifugo, ni shamba ambalo mpaka wake na hifadhi haujaacha kubishaniwa, na ni mlima uliomwaga lava juu ya makazi ya watu mwaka 1977, mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021.

Hoja ya barua ni moja. Vyama vya kiikolojia vya Kongo vimekubali nafasi ndogo mno katika siasa za taifa, na suala ambalo lilipaswa kuwa lao limeachwa liamuliwe na wafadhili, wizara na makampuni. Uzito wao utapatikana siku watakapoziomba kura za watu wanaoishi kwa kukata, kuchoma, kubeba, kuuza na kununua makala, kama wanavyouita mkaa katika miji ya Kivu, na watakapokuwa tayari kuwajibu watu hao maswali magumu ambayo mkutano wa kimataifa hauwaulizi.

Ikolojia ni elimu ya uhusiano kati ya viumbe hai na mahali wanapoishi, na chama cha kiikolojia, ambacho pengine huitwa chama cha kijani, ni kile kinachodai kwamba uhusiano huo ndio unaopaswa kuongoza sheria, bajeti na uchumi wa nchi. Kinatofautiana na shirika la uhifadhi kwa sababu shirika hushauri na kuomba, ilhali chama hugombea viti, hupiga kura bungeni na huwajibika mbele ya wapiga kura kwa kile kilichofanywa au kilichoachwa. Vyama vya kwanza vya namna hii viliundwa mwaka 1972 huko Tasmania na New Zealand, lakini kilichovuma zaidi ni kile cha Ujerumani Magharibi, kilichoanzishwa mwaka 1980 na kuingia bungeni mwaka 1983 kwa asilimia 5.6 ya kura. Husahauliwa mara nyingi kwamba miaka mitano kabla ya chama hicho kuzaliwa, wakulima wa mizabibu wa kijiji cha Wyhl walikikalia kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya kinu cha nyuklia, wakakataa kuondoka, na kinu hakikujengwa kamwe. Watu walitangulia, chama kikafuata. Nchini Kongo mpangilio umezoea kuwa kinyume chake, kwani jina, muhuri na katiba ya chama hutayarishwa kwanza Kinshasa, na wanachama hutafutwa baadaye uchaguzi unapokaribia.

Afrika Mashariki ina mifano miwili ambayo viongozi wanaoandikiwa hawana budi kuitazama kwa makini kabla ya kutazama Ulaya. Wa kwanza ni wa Kenya, ambako Wangari Maathai alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 kwa kuwakusanya wanawake wa vijijini wapande miti, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilipia ukosefu wa kuni na maji kwa miguu na migongo yao. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo refu lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na mwaka 1999 alijeruhiwa akiutetea msitu wa Karura usigawiwe watu wenye uwezo. Alipogombea ubunge wa Tetu mwaka 2002 chini ya muungano wa NARC alipata takriban asilimia 98 ya kura, akateuliwa kuwa waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Wakongo nao wana sababu ya kumhesabu kuwa wao, kwa kuwa mwaka 2005 wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walimteua kuwa balozi wa misitu ya Bonde la Kongo, kazi aliyoendelea kuitetea hadi alipofariki Septemba 2011.

Hata hivyo chama cha Mazingira Green Party, kilichofungamana na jina lake, hakikupata nguvu ya vuguvugu lililomlea. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 Maathai alikipoteza kiti cha Tetu, na chama chenyewe kikaambulia mbunge mmoja tu. Vuguvugu lilikuwa na maelfu ya wanawake waliokuwa na vitalu vya miche, vikundi vyao na viongozi wao wenyewe. Chama kilikuwa na mtu mmoja mashuhuri na tiketi ya kugombea. Siasa za ukabila na miungano ya dakika za mwisho zilipopamba moto, tiketi hiyo haikuweza kushindana. Ni kosa kuisoma habari hii kama ushahidi kwamba Mwafrika hapigi kura kwa ajili ya miti, kwa maana Mkenya wa Tetu alikwisha kuipigia mwaka 2002. Inachoonyesha ni kwamba kura hiyo hupotea pale ambapo vikundi vya wananchi havikugeuzwa kuwa matawi ya chama yenye sauti katika kuchagua wagombea na kuandika sera.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Petite Barrière, kituo cha mpakani ambacho wafanyabiashara wadogo wa Goma hukivuka kwa miguu. Kuitaja Rwanda katika barua inayotoka Goma kwa wakati huu ni jambo zito, baada ya yote ambayo watu wa mji huu wameyapata, lakini chama cha kijani cha Rwanda, Democratic Green Party, kiko karibu zaidi na Goma kuliko makao makuu ya vyama vinavyoandikiwa. Kilianzishwa Agosti 2009 kikiongozwa na Frank Habineza. Julai 2010 makamu wake wa rais, André Kagwa Rwisereka, aliuawa kikatili karibu na Butare. Usajili wake ulipatikana Agosti 2013 tu. Mwaka 2018 kilipata viti 2 katika bunge lenye viti 80, na mwaka 2024 kikapata viti 2 vilevile, huku Habineza akiambulia chini ya asilimia 1 katika chaguzi za urais za 2017 na 2024. Chama hicho kililipa kwa damu ili kiruhusiwe tu kuwako, na kuwako kwake hakujabadili mizani ya madaraka.

Hali ya Kongo si hiyo. Sheria namba 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004 kuhusu vyama vya siasa imeruhusu mamia ya vyama kuandikishwa, na hakuna anayekataa kwamba chama cha kijani kina haki ya kisheria ya kuwa miongoni mwao. Hatari inayokikabili ni kumezwa. Sheria ya uchaguzi imeweka kizingiti cha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima, maana yake orodha ya wagombea isiyofikia kiwango hicho haihesabiwi katika ugawaji wa viti vya Bunge la Taifa, hata kama mgombea wake alipendwa katika wilaya yake. Chama kidogo hulazimika basi kuingia katika kundi la vyama, ambalo Wakongo wote hulijua kwa jina la regroupement, na kundi hilo huwa tayari limejifunga na kambi inayotawala au na mgombea fulani wa urais. Tangu Desemba 2020, Muungano Mtakatifu wa Taifa wa Rais Félix Tshisekedi umewavuta wengi kwa njia hiyo. Kujiunga si aibu, kizingiti kinalazimisha. Lakini chama kinachojiunga bila kuweka sharti hata moja la maandishi kuhusu misitu, mafuta au nishati, hutoka humo na wadhifa mmoja wa kiongozi wake na hakuna kingine, na mwananchi wa wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, hawezi kukitofautisha na vyama vingine vilivyokaa meza hiyohiyo.

Matokeo ya ukosefu huo wa sauti yanaonekana wazi katika historia ya mafuta ya petroli ya miaka ya karibuni. Novemba 2021, katika mkutano wa hali ya hewa wa Glasgow, serikali ya Kongo ilitia saini makubaliano ya dola milioni 500 kwa ajili ya kulinda misitu yake, na Kongo ikajitangaza kuwa nchi ya suluhisho kwa ulimwengu mzima. Tarehe 28 Julai 2022, miezi minane tu baadaye, serikali hiyohiyo ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, baadhi yake vikiingia ndani ya Virunga, na vingine vikigusa ardhi ya mboji ya Cuvette Centrale, yaani udongo wa kinamasi uliojengwa na majani na mizizi isiyooza kwa maelfu ya miaka, ambao katika Kongo zote mbili unakadiriwa kuhifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ulifutwa kwa sababu za kiutaratibu, si kwa sababu Bunge liliukataa. Januari 2025 ikatangazwa hifadhi iitwayo Couloir Vert, yaani Ushoroba wa Kijani, yenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 540,000 kutoka Kivu hadi Kinshasa. Na kabla ya mwaka huo kufika nusu, vitalu 52 vipya vikapangwa katika Cuvette Centrale. Serikali moja imeahidi na kutengua, ikaahidi tena na kutengua tena, na katika mizunguko yote hiyo hapakuwa na kundi la wabunge lililoweza kusema kwamba litaondoa uungaji mkono wake. Hiyo ndiyo kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na chama cha kijani.

Aliyekuwa Waziri wa Mazingira wakati wa mnada, Ève Bazaiba, ambaye ni wa chama cha MLC, aliutetea kwa hoja kwamba Wakongo maskini wana haki ya kutumia mali iliyo chini ya ardhi yao kama nchi tajiri zilivyotumia ya kwao. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa. Ina mvuto mkubwa katika nyumba ambazo watoto hulala bila kula, na mtu anayeijibu kwa kutaja sokwe na hali ya hewa ya dunia amekwisha kushindwa kabla ya kumaliza sentensi. Jibu la chama cha Kikongo lilipaswa kutoka Muanda, katika jimbo la Kongo Central, ambako mafuta yamechimbwa tangu miaka ya 1970, na ambako wakazi wanaweza kuulizwa ni barabara ngapi, hospitali ngapi na maji safi kiasi gani wamepata kutokana na nusu karne ya uchimbaji huo. Lilipaswa kutoka pia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward, ndani ya Virunga, ambako kampuni ya Uingereza ya SOCO ilifanya uchunguzi wa mitetemo ya ardhi mwaka 2014 kabla ya kukubali, Juni mwaka huohuo, kuacha kazi katika hifadhi. Samaki wa ziwa hilo huliwa Goma, Butembo na Beni kila siku, wala hawahitaji mnada. Wavuvi, walinzi wa hifadhi, wanaharakati wa Kivu, UNESCO na wanahisa wa Ulaya wote walikuwa na sehemu katika kuizuia kampuni hiyo, lakini ni vigumu kukiona chama cha kijani cha Kongo mstari wa mbele.

Makala ndiyo sura ambayo barua hii inaiomba isomwe polepole kuliko zote. Nyumba nyingi za Goma hupika kwa makala, na gunia linaloshushwa sokoni limepita mikononi mwa watu wengi: mkataji, mchomaji anayelinda tanuri la udongo usiku kucha, mbebaji, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoteremka na mizigo kutoka milimani, dereva wa lori, na mama anayelipima kwa makopo kwa wateja wasio na fedha ya gunia zima. Sehemu kubwa ya makala hayo imetoka kwa miaka mingi ndani ya Virunga, kwa kuwa miti ya asili hutoa makala mazito yanayowaka kwa muda mrefu kuliko ya mikaratusi. Kila kizuizi cha barabarani hutoza ushuru wake, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeonyesha kwa miaka mingi jinsi makundi yenye silaha, likiwemo kundi la waasi wa Rwanda la FDLR, yalivyojilisha kwa biashara hii. Mwaka 2007, sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi katika hifadhi hiyo, na uchunguzi ukayahusisha mauaji hayo na biashara ya makala. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wakimbizi mamia kwa maelfu kutoka Rwanda walipowekwa pembeni mwa hifadhi bila kuni, msitu ulikatwa kwa kasi, na mwaka huohuo Virunga, ambayo ilikuwa imeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukataji huo ulijirudia kuanzia 2022, wakimbizi wa ndani walipojaa katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala.

Katika mnyororo huo wote hakuna mtu anayeweza kuamriwa aache kazi yake bila kupewa nyingine, na mama wa makopo hawezi kuhubiriwa habari ya kaboni wakati watoto wake wanangoja chakula, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa katika historia ya hivi karibuni ya hifadhi, na ushujaa wao haujapunguza mahitaji ya jikoni hata kidogo. Kilichoweza kuyapunguza kimeonekana Matebe, Rutshuru, ambako mtambo wa umeme wa maji wenye uwezo wa megawati 13 ulianza kazi mwishoni mwa 2015 chini ya mradi wa hifadhi yenyewe, ukaleta umeme kwa viwanda vidogo, pampu za maji na nyumba za Goma. Lakini umeme wa taa si umeme wa kupikia, kwa sababu bei ya kuunganishwa, gharama ya jiko na bei ya kila kilowati-saa huamua kama familia itaacha makala au la, na vita vimekata nyaya mara kwa mara. Suala hili ni la bei, kodi na ruzuku, maana yake ni la Bunge. Inawezekana kodi ya forodha ya majiko ya umeme na ya gesi ikaondolewa. Inawezekana pia mashamba ya miti ya kuni yakapewa hati za umiliki. Hata gesi ya methani iliyo katika maji ya kina ya Ziwa Kivu, inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60, ingeweza kujadiliwa kwa uwazi, pamoja na hatari zake zote, badala ya kuachwa katika mikataba ambayo wakazi wa ufukweni hawajaiona. Rwanda imekwisha kuitumia gesi hiyo kuzalisha umeme tangu miaka ya 2010, nayo ni ya ziwa lilelile.

Chama kitakachoingia katika suala la makala kitakutana mara moja na suala la ardhi, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Hifadhi ilianzishwa kwa amri ya Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata, na vijiji vingi vya Rutshuru na Lubero vinaamini hadi leo kwamba mipaka yake ilichorwa bila wao na kwa hasara yao. Mtu anayesema kwamba mipaka hiyo haiguswi anaambiwa kuwa yuko upande wa hifadhi dhidi ya watu, na anayesema ipunguzwe anawafungulia njia wafanyabiashara wa ardhi wenye askari nyuma yao. Sheria za Kongo zina njia ya tatu ambayo haijatumiwa ipasavyo. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake wenyewe hadi hekta 50,000, uitwao msitu wa jamii, na sheria ya Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili wa Kibilikimo. Katika wilaya ya Walikale jamii kadhaa zimekwisha kuanza kupata misitu ya namna hiyo. Couloir Vert, ambayo imetangazwa kwa maneno mazuri kwenye majukwaa ya nje, ingepaswa kuanzia kwenye hati za vijiji hivi, ili historia ya 1925 isirudiwe kwa ukubwa mara kadhaa zaidi.

Volkano nayo ni suala la bajeti kuliko inavyodhaniwa. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, ambacho kazi yake ni kusoma mitetemo, joto na gesi za Nyiragongo na Nyamulagira, kilibaki bila fedha za kutosha baada ya msaada wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea takwimu za vipima mitetemo. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 wakazi wa Buhene na maeneo jirani waliona moto kabla ya kusikia onyo, na baada ya siku chache mamia ya maelfu wakaamriwa kuuhama mji. Si rahisi kuitetea bajeti ya taifa inayoliacha jukumu la kuonya mji wenye zaidi ya watu milioni moja mikononi mwa mfadhili. Vivyo hivyo, Mei 2023, mvua zilipofagia Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, Kivu Kusini, na kuua watu zaidi ya 400, milima iliyovuliwa miti na nyumba zilizojengwa kando ya mito hazikuwa siri kwa yeyote.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haiwaachi viongozi hawa bila silaha. Ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya na inamwekea wajibu wa kuyalinda. Ibara ya 138 inawapa wabunge njia za kuibana serikali, yaani maswali ya mdomo na ya maandishi, kumwita waziri ajieleze, na tume ya uchunguzi. Njia hizo zinaweza kuanzishwa na mbunge mmoja mwenye bidii, hata kabla ya kuwa na kundi kubwa. Lakini uwakilishi wenyewe una ufa mkubwa upande wa mashariki, kwani katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 wakazi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita, na tangu Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini lilikuwa tayari chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyosimamisha bunge la jimbo. Wilaya zilizonyamazishwa ndizo zenye hifadhi, makala, mashamba yenye rutuba, na madini ya koltani ya Rubaya ambayo sasa inawatajirisha wenye bunduki. Mtu asiye na mbunge ana haki ya kutetewa na chama, na chama cha kijani kisichomtetea mtu huyo kimejitoa chenyewe katika kazi iliyokipa jina.

Viongozi wanaoandikiwa wanaombwa, kwa heshima, watangaze kwa maandishi msimamo wao kuhusu vitalu vya mafuta vya Cuvette Centrale na vile vilivyogusa Virunga, wakitaja ni sharti gani litawafanya waondoke katika muungano wowote. Wanaombwa watayarishe sera ya nishati ya kupikia kwa miji ya mashariki pamoja na wachomaji na wauzaji wa makala, si juu yao, na wawape watu hao nafasi za kweli katika orodha zao za wagombea, wanawake wakiwa mbele kwa sababu wao ndio wanaoibeba biashara hii sokoni na jikoni. Wanaombwa pia wadai fungu la kudumu la kituo cha volkano katika bajeti ya taifa, na wawatembelee waliohamishwa na vita mahali walipo, hata ikiwa Goma haifikiki kwao kwa sasa, kwa kuwa Beni na Butembo, Kampala na Nairobi zote zina watu wa Kivu Kaskazini wanaojua hasa kile ambacho hati za Kinshasa hazikitaji.

Kwa mujibu wa Katiba, kikao cha Bunge kinachojadili bajeti hufunguliwa tarehe 15 Septemba kila mwaka. Wakazi wa Goma wanangoja kuona, kabla ya tarehe hiyo, ni chama gani kati ya vinavyojiita vya kijani kitakachokuwa kimejibu.